Nani Ampe Shabani Dawa

Jumatatu, 3 Mei 1976

Mvua tangu alfajiri. Shabani amekunywa dawa mbele yangu kama kawaida. Kikombe kidogo cha plastiki, dawa ya maji, chungu. Akasuuza kikombe, akayanywa na yale maji ya kusuuzia. Kisha akakaa kibarazani kuchonga mpini wa jembe. Siku hizi namtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Haitetemeki.

Zahanati ilijaa. Watoto wa kupimwa uzito, vikohozi vya masika, na mama mmoja aliyekaribia kujifungulia mlangoni. Mtoto wa kike, mzima. Ndugu Mbonde, mganga wetu, ameitwa mjini Kisarawe kwenye kikao. Kazi yote kwangu.

Mwaka jana wakati kama huu sikuwa na mume, nilikuwa na mgonjwa wa kuficha. Trekta la shamba la kijiji lilimpindukia, paja likavunjika. Mfupa uliunga, maumivu yakabaki. Ndipo Kibwana alipoanza kuja na mkoba wake. Dresa wa zamani wa jeshi, mfunga vidonda, anapita nyumba kwa nyumba na sindano za mofini. Alikozitoa anajua mwenyewe. Mimi nikiwa kazini nachoma watoto wa watu chanjo, yeye yuko kwangu anamchoma mume wangu. Nilipogundua, Shabani alikuwa hainuki kitandani bila sindano. Kibwana akakamatwa, akafungwa. Sindano zikakatika siku ile ile. Sitaki kuandika zile siku.

Nilimpeleka Kibaha amefungwa blanketi. Daktari Komba ndiye aliyemwanzishia dawa ya kikombe. Alinieleza kwamba ni ya ukoo mmoja na mofini, lakini inaingia taratibu. Inamshika mtu kutwa bila kumlevya, halafu inapunguzwa kidogo kidogo mpaka mwili usahau. Akanipa chupa, akanionyesha kipimo.

Tangu hapo asubuhi ni zetu. Nazipenda.

Alhamisi, 6 Mei

Ndugu Mbonde amerudi na waraka wa mkoa. Aliusoma kwa sauti, akaacha katikati, akanipa nimalizie mwenyewe.

Kuanzia sasa mtu aliyezoea mofini atapewa dawa na daktari aliyeidhinishwa tu. Atainywa pale pale, kila siku. Manesi, waganga wasaidizi na madresa hawaruhusiwi. Chupa zote zilizoko mikononi mwao zirudishwe.

Daktari aliyeidhinishwa mkoa huu ni mmoja. Komba. Yuko Kibaha.

Naelewa waraka umetoka wapi. Umetoka kwenye mkoba wa Kibwana. Ningekuwa mimi ndiye mkoa ningeandika hivyo hivyo.

Nauchukia.

Jumapili, 9 Mei. Mbwawa

Nimemleta. Ukitazama ramani ya ukutani, Kisarawe na Kibaha zimepakana. Kwa basi unateremka kwanza Dar, halafu unaipanda tena Barabara ya Morogoro. Kutwa nzima. Mguu wake umevimba.

Atakaa hapa Mbwawa kwa Wifi Asha, dada yake mkubwa. Mjane, ana muhogo wake na mbuzi wake, hana makuu. Asubuhi ataazima baiskeli ya jirani mpaka hospitali.

Wifi ananifariji kwa namna yake. "Usiwe na wasiwasi, wifi. Huyu nimembeba mgongoni kabla wewe hujamjua." Nilishukuru. Iliniuma.

Nimemwomba Daktari Komba aniachie angalau mpaka mvua ziishe. "Waraka si wangu, Mwajuma," alisema. "Nikivunja mimi, wananinyang'anya hata huu mkono mmoja uliobaki wa kutoa dawa."

Kuhamia huku siwezi. Mkunga kwetu ni mimi peke yangu. Narudi kesho.

Jumanne, 11 Mei

Nimechemsha chai ya watu wawili. Nimeinywa yote.

Jumamosi, 29 Mei

Nilikuwa niende leo. Barabara imekatika, mabasi hayatoki. Dereva wa lori la korosho aliyepita Kibaha juzi kaniletea salamu. Mumeo anasema hajambo.

Hajambo. Hata afisa kilimo ananiambia hajambo. Nataka kujua analala ubavu upi, kama paja linamuuma mvua ikinyesha, kama Wifi anajua kwamba hapendi chumvi nyingi. Nataka kumsikia akikohoa chumba cha pili.

Kisimani wananiuliza kama tumeachana. Mmoja kasema afadhali, maana mume gani huyu, na mtoto hakuna. Nikajitwisha ndoo yangu.

Jumatano, 16 Juni

Ni usiku, mafuta ya taa yanakwisha. Naandika hivyo hivyo.

Shabani alikuja leo mchana. Alishushwa na lori la mkaa mbele ya zahanati. Sikumjua mara moja. Alikuwa anapiga miayo mfululizo, macho na pua vinatiririka, vipele vya baridi mikono mizima na jua linawaka. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Daktari Komba anaumwa, amelazwa Dar. Tangu Jumapili dirisha la dawa limefungwa. Dawa ipo kabatini. Manesi wapo. Mwenye ruhusa hayupo. Wagonjwa wote wa kikombe wameambiwa wasubiri. Mwili hausubiri.

Hakwenda kwa mtu mwingine. Alikuja kwangu.

Ndugu Mbonde alikuwa kwenye chanjo vijijini. Kwenye kabati letu kuna mofini kidogo, ya waliovunjika na waliopasuka. Ufunguo alikuwa ameniachia mimi, naufunga kwenye uzi shingoni. Shabani anaujua uzi huo.

"Moja tu, Mwajuma. Nusu."

Nikamwambia siruhusiwi.

"Nani anakuona?"

Nilifungua kabati. Naliandika hapa kama lilivyo. Nilifungua, nikaishika chupa, nikaona mkono wangu unavyoijua kazi. Dakika moja na angetulia. Angeniwekea kichwa begani, angekuwa Shabani. Nami nimemngoja Shabani tangu Mei.

Na kesho? Na keshokutwa angekuja kutafuta nini hapa? Mimi, au uzi?

Nikarudisha chupa. Nikafunga. Nilijua nikibaki na ule ufunguo nitafungua tena. Kwenye benchi alikuwapo Bi Mwanahawa, amemleta mjukuu wake mwenye jipu. Nikamvulia ufunguo, nikamwambia, "Bibi, nishikie huu. Usimpe mtu mpaka Ndugu Mbonde arudi. Hata mimi usinipe." Akautazama, akamtazama Shabani, akaukalia. Kaukalia mpaka alasiri, mjukuu kalala mapajani.

Shabani aliona yote. Akasema maneno ambayo sitayasahau. "Kibwana angenihurumia."

Nilimlaza chumba cha nyuma. Nikampa dawa ya tumbo, uji wa chumvi kijiko kwa kijiko. Alitapika, nikampa tena. Nikamkanda paja. Alinitukana, akaniomba radhi, akanitukana tena. Ndugu Mbonde aliporudi alisimama mlangoni akasema tu, "Mpeleke Kibaha. Hapa nitaona mwenyewe."

Lori la mkaa linarudi kesho.

Ijumaa, 18 Juni. Mbwawa

Njia nzima alinilalia, anatetemeka. Watu wakadhani ni malaria. Niliwaacha wadhani.

Daktari Komba alitoka Dar jana hiyo hiyo, macho bado ya manjano, hawezi hata kusimama vizuri. Alikuja hospitali, akakaa kwenye kiti, akawapa wote kikombe mmoja mmoja. Mmoja hakurudi kabisa. Kijana wa Mlandizi, fundi baiskeli. Wameulizia kwao, hawajui alipo.

Baada ya kikombe Shabani alilala. Alipoamka aliniuliza, "Nilikuambia nini juzi?" Nikasema hukuniambia kitu.

Daktari atapeleka suala hili mkoani. Anataka nije niseme niliyoyaona. Nimekubali. Ninaogopa.

Jumatatu, 5 Julai. Mbwawa

Kikao kimekwisha. Naandika haya uani kwa Wifi, yeye anamenya muhogo na hanisemeshi. Kaniona uso.

Walikuwa wakubwa wa afya wa mkoa, watu wa Chama, na Daktari Komba. Mimi na nesi mmoja wa Mlandizi tulikaa nyuma karibu na mlango. Hoja ilikuwa moja: nani aruhusiwe kumpa mtu aliyezoea mofini dawa ya kumtoa.

Bwana mmoja mnene, mpole, alisema nchi haijasahau mambo ya wenye mikoba. "Leo tukiwapa manesi, kesho kila kijiji kina Kibwana wake." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi niliitikia.

Daktari akajibu kwamba ruhusa ikiwa ya mtu mmoja, akiugua mmoja wanaanguka wote. Akamtaja yule fundi baiskeli. Akaniita.

Nilisimama. Nikasema mgonjwa wa Kisarawe hawezi kuifuata dawa Kibaha kila siku ya Mungu, atahama kwake au ataiacha. Akihama anapoteza shamba na watu wake. Akiiacha anarudi kwenye mkoba. Nikasema tufundisheni, tupimeni, mtukague mnapotaka, lakini dawa iwe karibu na mtu. Sauti ilinitoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Yule bwana mpole akaniuliza, "Dada, nasikia mumeo ni mmoja wao. Siku ile alipokufuata, dawa uliyokuwa nayo ungempa?"

Hapo ningeweza kusema sikumpa. Ingekuwa kweli. Ningekaa chini.

Nikasema, "Nilifungua kabati."

Nikaendelea. Nikasema nilifunga tena, ufunguo nikampa bibi mmoja aukalie, kwa sababu mume akilia mbele yako wewe si nesi tena. Ningekuwa na mwenzangu mmoja kazini siku ile nisingemhitaji yule bibi.

Daktari Komba alifumba macho. Nilifikiri nimemharibia. Yule bwana mpole aliandika kitu, akaandika tena, akasema, "Ahsante, dada. Hilo ndilo tulilokuwa hatulijui."

Shabani anataka kujua nilisema nini. Nimemwambia kesho.

Jumatano, 4 Agosti

Waraka mpya umefika. Ndugu Mbonde aliusoma wote safari hii.

Manesi na waganga wasaidizi wataruhusiwa, wakishafundishwa na daktari na kupewa cheti. Zahanati iwe na wawili wenye cheti, mmoja anapima, mwingine anashuhudia. Mgonjwa anywe mbele yao. Zahanati yetu imo. Mimi na Ndugu Mbonde tumo.

Chini kabisa: mtoa dawa asimhudumie mume, mke wala ndugu yake, na mgonjwa asipangiwe zahanati anayofanya kazi jamaa yake.

Ni maneno yangu. Nimeyasema mwenyewe, nimesimama, watu wazima wananisikiliza. Yametimia yote mawili. Dawa inakuja Kisarawe. Shabani haji.

Ndugu Mbonde ananihurumia. Anasema tuandike kuomba mimi niondolewe kwenye orodha, apewe mtu mwingine cheti. Mtu mwingine yupi? Na hata nikiondolewa, bado nafanya kazi hapa.

Na wana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wana haki.

Jumapili, 15 Agosti. Mbwawa

Mafunzo, zamu yangu; Ndugu Mbonde amekwisha maliza ya kwake. Kisarawe wametuazima mkunga mpaka nirudi. Mchana niko na Daktari Komba. Najifunza kupima, kumtazama mgonjwa mboni za macho, kumsemesha baada ya kumeza ili asifiche dawa mdomoni akaiuze. Jioni niko Mbwawa na mume wangu.

Naandika kidogo kwa sababu nina raha, na mwenye raha hana cha kuandika. Anacheka tena. Amemlimia Wifi matuta ya viazi, anayaonyesha kama mtu aliyejenga msikiti. Leo nimemkuta ananichambulia mchicha. Nikasimama mlangoni bila kuingia, ili nimtazame.

Nilimwambia lile neno la kikao. Kwamba ni mimi niliyesema. Alichambua mchicha mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Ungenipa siku ile, ningekuwa nakuja kila siku. Si kwa ajili yako."

Nililia. Yeye hakulia. Akaweka sufuria motoni.

Jumatatu, 23 Agosti

Leo mgonjwa wetu wa kwanza wa kikombe. Daktari alituarifu tu kwamba anatoka kijiji cha pili, ametoka gerezani, alikuwa akijichoma mwenyewe muda mrefu. Sikuuliza jina. Nilikuwa napanga vikombe.

Kibwana.

Kakonda, meno ya mbele hayapo. Mtu wa umri wa baba yangu. Alisimama dirishani, kofia mkononi, akasema, "Shikamoo, nesi." Yeye ndiye ananiamkia mimi. Sikuitikia. Tangu nizaliwe sijawahi kuacha salamu ya mtu mzima ianguke chini, leo nimeiacha.

Ndugu Mbonde alisema pole pole, "Nipime mimi, wewe shuhudia." Nikasema hapana. Nilitaka nione kama naweza.

Nilipima. Nilitaka kumpunguzia. Matone machache, nani angejua, atetemeke kama alivyomtetemesha Shabani, alale na vipele mwili mzima. Nilitaka sana. Nikainua kikombe usawa wa macho kama tulivyofundishwa, nikakijaza mpaka kwenye mstari.

Alikunywa. Nikamwambia, "Sema kitu." Ndiyo kanuni. Akasema, "Sijui niseme nini, nesi." Ilitosha. Nikamwandikia kesho.

Kile kikombe nilikiosha mara tatu.

Jumanne, 7 Septemba

Ramadhani. Saumu, joto, wajawazito wanaokataa kufungua. Kibwana anakuja mapema, watu hawajajaa, anakunywa ameupa ukuta uso. Anaona haya kunywa mchana wa Ramadhani. Ndugu Mbonde alimweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa. Anajua. Anaona haya hivyo hivyo.

Shabani naye ndivyo alivyo huko, nina hakika. Na mimi simo huko kumwambia kitu.

Leo Kibwana kasema, "Shabani namtaja kila nikiomba dua." Nikamjibu, "Usimtaje." Akainamisha kichwa, akaondoka.

Lakini mikono yake imeanza kutulia. Niliitazama bila kutaka. Nimefurahi kama nesi. Kama mke sijafurahi. Sijui mtu anafanyaje awe mmoja.

Saa ile ile ninayompimia yeye, Kibaha kuna mwanamke anampimia wangu. Anamwambia sema kitu. Shabani anasema kitu. Kila siku anamsikia sauti mtu mwingine.

Jumapili, 26 Septemba

Sikukuu ya pili. Ndugu Mbonde na yule mkunga wa kuazima, amerudi kunishikia, naye kapata cheti, wameshika dirisha, mimi nikapata nafasi ya kwenda. Nilitoka juzi, nimerudi leo.

Jana asubuhi nilimsindikiza Shabani hospitali. Nilikaa kwenye benchi na wengine. Nesi aliyesoma na mimi ndiye aliyekuwa dirishani, akanipungia mkono, kisha akaacha kunitazama. Ndivyo inavyotakiwa. Akapima. Shabani akanywa. "Sema kitu." Akasema, "Mke wangu amekuja." Benchi zima wakacheka. Nami nilicheka.

Kipimo chake kimeshuka tena. Daktari Komba hasemi lini kitakwisha, anasema twende na mwili wake. Shabani anasema hata kikiisha atangoja kwanza huko Mbwawa, aone anavyoamka bila kitu. Nilitaka kubisha. Sikubisha. Viazi vyake vimetambaa matuta yote.

Wifi alipika pilau, akatuacha wawili uani, akajifanya ana kazi kwa jirani. Alikuwa amechoka na kulima, akalala kwenye mkeka na miguu yake juu ya yangu. Paja lile lililovunjika ni jembamba kuliko lingine. Nilimfukuzia nzi mpaka jua likahama.

Leo alfajiri basi lilikuwa na nafasi. Alisimama barabarani mpaka likaondoka.

Nimefika kabla ya giza. Jirani alikuwa amenifagilia uwanja. Nimefungua kikapu. Kuna muhogo, mayai, pilau kidogo, na shati lake la kulimia. Wifi alitaka kulifua, nikamwambia nitalifua mimi huku, maji yetu ni laini.

Sitalifua wiki hii.